Ziwa Takatifu la Wadakota

Mwenye kusimama ufuoni mwa Mille Lacs, katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, aghalabu haioni ng'ambo ya pili, kwani ziwa hilo limeenea zaidi ya kilomita za mraba 500. Lakini ukubwa huo si wa kina: ziwa ni bapa mithili ya sinia, wala hakuna pahali ambapo kina chake chafika mita 13, na kwa ajili hiyo upepo ukivuma maji yote huchafuka kwa ghafla.

Asili yake ni barafu. Ile barafu kuu iliyoifunika nchi ilipoyeyuka na kurudi nyuma, iliacha tuta refu la mawe, changarawe na udongo, nalo likayazuia maji yasitoke, ila kwa upande wa kusini-magharibi, ambako mto uitwao Rum hutoka na kupita katika maziwa madogo kabla ya kuteremka hadi Mississippi katika mji wa Anoka.

Pale mto unapoanzia ndipo binadamu walipofanya maskani tangu maelfu ya miaka. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua huko zana za shaba nyekundu, vigae vya vyungu na athari za nyumba. Mahali hapo huitwa Kathio, na tangu mwaka 1964 serikali ya Marekani imepahesabu katika amana za tarikhi ya taifa. Wadakota, wenyeji wa nchi hiyo, waliliita ziwa Bde Wakan, yaani ziwa takatifu, na kabila lao moja kubwa, Mdewakanton, limechukua jina kwalo hata leo.

Riziki yao ilikuwa samaki, wanyama wa msituni, na zaidi ya yote mpunga wa mwitu, ambao huota wenyewe katika maji machache. Msimu ukiwadia, mmoja hukisukuma chombo kwa upondo, na mwenziwe aliyeketi huinamisha mabua kwa kijiti na kuyapiga taratibu kwa kijiti cha pili, punje zikaanguka ndani. Zile zinazopotea majini ndizo mbegu za mwaka ujao. Kisha mpunga huanikwa, hukaangwa, hukanyagwa kwa miguu ili maganda yaachane na punje, na hupepetwa. Nayaona haya kuwa ni maarifa makubwa: kuvuna bila kulima, na bila kuimaliza mali.

Mnamo Julai 1679 Mfaransa Daniel Greysolon du Lhut alifika katika kijiji chao cha Izatys, akaitangaza nchi kuwa ya mfalme wake, pasipo wenyeji kuombwa idhini. Mwaka uliofuata, kasisi Louis Hennepin alitekwa na Wadakota akaletwa ziwani, akakaa miezi kadhaa hata du Lhut alipomchukua.

Katika karne ya 18 watu wa kabila jingine, Waojibwe, walikuja kutoka mashariki, na baada ya vita ambavyo masimulizi yao yangali yakivihifadhi, Wadakota walihamia kusini. Huko nako hawakuachwa. Ardhi yao ilichukuliwa na serikali ya Marekani kwa mikataba, malipo yakacheleweshwa, njaa ikazidi, na mwaka 1862 vita vikazuka. Tarehe 26 Desemba wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa pamoja Mankato, na mwaka uliofuata sharia ikawafukuza Wadakota katika jimbo. Hata hivyo baadhi yao walirejea, na jamaa za Mdewakanton zipo Prairie Island, Shakopee na Morton.

Waojibwe wa Mille Lacs wangali kando ya ziwa, na mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha haki yao ya kuvua na kuwinda kwa mkataba wa 1837. Lakini mwanahistoria wao William Warren, aliyeandika katika karne ya 19, ameeleza kuwa ukoo wa Mbwa-mwitu miongoni mwao hupeleka nasaba yake kwa baba Mdakota. Hivyo damu ya wenyeji wa kwanza haikuondoka yote katika Bde Wakan.