Hesabu Dakika Kabla ya Kushika Bisibisi

Mama mmoja mwenye saiba Bungoma mjini alinipigia simu mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimepamba moto. "Fundi, ile mashine uliyonitumia imekufa. Nikiiwasha, kabla haijafunguka vizuri, inazima."

Mashine hiyo niliitengeneza mwenyewe hapa Kitale. Iliwaka siku nzima mezani kwangu bila neno, ndipo nikaifunga kwenye katoni na kuipakia kwenye matatu. Ikapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, ikashuka Webuye, ikafika Bungoma. Nilimwomba mama jambo moja tu: aiwashe tena huku akitazama saa, aniambie inachukua muda gani kuzima.

"Sekunde arobaini na tano, fundi."

Nikajua nitafute wapi. Watu wengi wakisikia prosesa inachemka hudhani prosesa yenyewe ni mbovu, lakini katika kazi yangu prosesa mbovu ni nadra sana. Kinachoharibika ni njia ya joto, na kila mahali njia hiyo inapoziba pana muda wake. Ndiyo maana huanza na saa, bisibisi ikafuata.

Chukua prosesa ya Core i5 ya mwaka 2012, aina ninayoifungua karibu kila wiki. Imepimwa kwa wati 77, na karibu umeme wote inaoutumia hugeuka kuwa joto. Balbu ya zamani ya wati 75 ilikuwa haishikiki kwa mkono. Hapa joto kama hilo linatoka kwenye kipande cha silikoni kisichofika sentimita mbili za mraba. Lazima lipite kwenye kifuniko cha metali, kisha kwenye pesti ya kupitishia joto, kisha lipande kwenye hitisinki, yaani lile bonge la alumini lenye mapezi. Feni hulipuliza kutoka kwenye mapezi, na mwishowe lazima litoke ndani ya kasha na kuingia chumbani. Ni kama maji ya mfereji shambani: ukiziba chini, yanafurika juu.

Hitisinki ikiwa imelegea, joto halina pa kwenda na mashine huzima ndani ya sekunde kadhaa au dakika moja. Feni ikiwa imesimama, alumini hunyonya joto kwanza, kwa hiyo unapata dakika tano au kumi. Vumbi huchelewa zaidi. Mashine hufanya kazi nusu saa au saa nzima, kisha inakuwa nzito, hasa kazi zikiwa nyingi. Na ile inayosumbua kuanzia saa nane mchana tu, asubuhi ikiwa nzima, mara nyingi shida yake ni chumba: mabati bila dari, dirisha limefungwa, kasha limesukumwa hadi ukutani.

Huo uzito unastahili neno zaidi. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili zisiungue, na joto likizidi kupanda ndipo huzima. Mwenye mashine haoni joto, anaona uzembe. Nimempokea mteja aliyeuziwa ramu mpya mara mbili kwa sababu "kompyuta ni slo", na mara zote mbili hakuna aliyeondoa feni kutazama chini yake. Inaniuma, kwa sababu pesa hiyo ilikuwa ya karo. Task Manager ya Windows haionyeshi joto la prosesa, lakini BIOS za mashine nyingi huonyesha, na programu ya bure kama Core Temp pia. Nyuzi 40 hadi 50 mashine ikiwa imetulia hazinitishi, wala 75 ikiwa kazini. Ikipita 90, fungua. Nazo HP Compaq nyingi za ofisini hujisemea zenyewe: taa nyekundu humulika mara mbili na mlio hupigwa mara mbili, maana yake kinga ya joto imeizima.

Hapa Kitale huambiwa kwamba kwa baridi yetu kompyuta haiwezi kuchemka. Baridi inasaidia, sikatai. Lakini tuko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano au pungufu kidogo. Feni inazunguka vilevile, ila kinachopulizwa kwenye mapezi ni hewa pungufu. Hata maji ya chai huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo prosesa iliyofika 95 ina joto zaidi kuliko maji yanayochemka jikoni. Bungoma iko chini yetu kwa mita 500 hivi. Hewa yake ni nzito kidogo, lakini chumba chake ni cha moto zaidi.

Kisha kuna mahindi. Kuanzia Oktoba, watu wakipukuchua, makapi hupeperuka hadi madukani. Mwaka jana nilifungua mashine ya duka lililopakana na kinu cha kusaga. Kwa juu feni ilikuwa na vumbi la kawaida, ungeifuta kwa kitambaa ukaridhika. Nilipoiondoa, mapezi hayakuonekana. Unga, makapi na nywele vilikuwa vimeshikana kwa unyevu, nikavibandua kwa kipande kimoja kizito kama kona ya blanketi. Hilo blanketi ndilo lililokuwa likiizuia mashine kupoa.

Ukisafisha, chomoa waya wa stima kwanza, na shika bapa la feni kwa kidole unapopuliza, maana feni ikizungushwa kasi kwa upepo huharibu beringi zake. Ukiinua hitisinki, pesti ya zamani lazima itoke yote kwa alkoholi ya isopropili. Mpya iwe kiasi cha punje ya ndengu, katikati. Kazi yake ni kujaza mianya midogo ambayo hewa ingekaa, na hewa ni kizuizi kikubwa cha joto. Wanaopaka dawa ya meno wanapata nafuu ya muda tu, kisha inakauka na kupasuka.

Turudi kwa mama. Hitisinki ya mashine yake hushikiliwa na pini nne za plastiki, na barabara hutikisa. Nikamwambia achomoe waya, afungue ubavu wa kasha, asukume kila pini kwa kidole gumba, akianza na mbili zinazotazamana kwa pembe. Ya kwanza ilikuwa imara, ya pili vilevile. Kwenye ya tatu nilisikia mwenyewe kupitia simu: tik.

Aliiwasha na kuingia BIOS, akanisomea: nyuzi 54. Ikakaa hapo. Nilimwomba asiipe kazi nzito hadi Jumamosi niende na pesti, kwa sababu hitisinki ikishaachana na prosesa, pesti ya zamani haishiki tena kama mwanzo.