Kiti cha Bumbuli

Wilaya ya Lushoto ina majimbo matatu: Lushoto, Mlalo na Bumbuli. Hilo la Bumbuli peke yake linatosha kumwonyesha mpigakura jinsi mbunge anavyoingia na kutoka, kwa kuwa mabadiliko yake makubwa hayakutokea siku ya uchaguzi mkuu. Yalitokea ndani ya CCM, kabla kampeni hazijaanza.

Mwaka 2010 mbunge alikuwa William Shellukindo, mkongwe aliyeongoza Kamati ya Bunge ya Nishati na Madini. Kwenye kura za maoni akatokea January Makamba, kijana wa miaka 36, msaidizi wa Rais Kikwete na mtoto wa Yusuf Makamba, Katibu Mkuu wa CCM wakati huo. Mwaka huo chama kilikuwa kimeruhusu wanachama wote wapige kura, si wajumbe wachache tu. Mzee akaanguka. Kijana alipofika bungeni Dodoma akakabidhiwa uenyekiti wa kamati ileile.

Jina la Shellukindo halikutoka bungeni. Beatrice Shellukindo alikuwa mbunge wa Kilindi, na Julai 2011 alisimama akafichua barua iliyotoka Wizara ya Nishati na Madini, ikizitaka taasisi zake zichange fedha za kusaidia kupitisha bajeti yake. Serikali ikalazimika kuiondoa bajeti hiyo na kuirudisha baada ya wiki kadhaa. Tanzania haina Seneti kama Kenya. Usimamizi wa Serikali uko mikononi mwa Bunge moja tu, na siku ile mama huyo aliufanya ipasavyo.

Katiba inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge, na kwa njia hiyo January alifika Mazingira na Muungano, kisha Nishati, kisha Mambo ya Nje. Lakini mkulima wa Bumbuli hamuulizi mbunge wake habari za mabalozi. Anamuuliza barabara ya Soni hadi Korogwe kupitia Bumbuli, maana mvua zikichachamaa mboga huozea njiani na mlanguzi hushusha bei. Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu: mbunge hana fungu la kujenga barabara. Kazi yake ni kuibana Serikali bungeni. Fedha anayoisimamia ni ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, nayo hutosha bati za darasa au bomba la maji la kitongoji.

Asiye na kadi ya chama hana sauti kwenye kura za maoni, hata kama ndiye anayepita barabara hiyo kila siku. Wala hawezi kumsimamisha mtu nje ya vyama. Mahakama ya Afrika iliyo Arusha ilisema mwaka 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Katazo bado lipo. Hata wenye kadi haki yao hupanuka na kusinyaa: mwaka 2020 kura zilirudi kwa wajumbe, mpaka mitaani ukazuka msemo kwamba wajumbe si watu.

Julai 2025 Kamati Kuu ya CCM ilichuja majina kabla ya kura za maoni. La January Makamba, aliyekuwa mbunge kwa miaka 15, halikurudi. Safari hii wanachama wa Bumbuli hawakupata nafasi ya kumkubali wala kumkataa.