"Dada, Nifanyie Kama Hii": Kwa Nini Hailaiti Hutoka Tofauti na Picha



Desemba inakuja, na sisi wa Moshi tunajua maana yake. Wachaga wanarudi nyumbani, kuanzia Rombo mpaka Machame barabara zinajaa magari, saluni zinafanya kazi mpaka usiku, na sisi wa mtandaoni ndipo tunapouza. Kama unauza laivu au unapiga picha ukiwa na bidhaa zako, uso wako ndio kibao cha duka. Ndiyo maana wengi tunakimbilia saluni kuweka hailaiti.

Nikusimulie yaliyonikuta. Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Krismasi, niliingia saluni moja hapa mjini nikiwa na picha kwenye simu. Nikamwambia dada wa saluni, "Dada, nifanyie kama hii." Akaiangalia mara moja, akasema, "Haina shida, kaa hapo." Baada ya saa nne nikatoka na michirizi ya rangi ya chungwa kama bati lenye kutu, na Sh 80,000 yangu imekwenda. Wiki mbili mbele nywele za mbele zikaanza kukatika. Laivu zilizobaki za sikukuu nilifanya nimefunga kilemba.

Nilimlaumu sana yule dada. Lakini mimi nilimpa nini? Picha tu. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia, kwamba nilikuwa nimetia dawa siku tisa kabla, na juu ya hiyo nilishapaka rangi nyeusi ya pakiti nyumbani.

Hapo ndipo penye tatizo. Picha inaonyesha mwisho wa safari, haionyeshi mwanzo. Blichi haipaki rangi, inaitoa. Nywele nyeusi zikitolewa rangi hupita kwenye wekundu, kisha chungwa, kisha njano. Ukiishia katikati, unabaki na chungwa. Ukilazimisha ifike njano siku hiyo hiyo kwenye nywele zilizochoka, zinakatika. Na kama kuna rangi ya zamani juu yake, ukipaka rangi mpya haitaing'arisha. Lazima ile ya zamani itolewe kwanza.

Kwa hiyo kabla hujakaa kwenye kiti, fanya haya:

1. Toa historia ya nywele zako. Ulitia dawa lini? Umepaka rangi, hina au piko? Usifiche. Dawa na blichi zote zinadhoofisha nywele, kwa hiyo usizifanye siku moja. Zipe angalau wiki mbili katikati, na kama nywele zimechoka, subiri zaidi. Hina nyingine za pakiti zina chumvi za madini ambazo hazipatani kabisa na blichi.

2. Peleka picha tatu. Mbili za unachotaka na moja ya usichotaka. Chagua picha za mtu mwenye nywele za aina yako, zisizo na filta. Halafu toka na fundi mlangoni mziangalie kwenye mwanga wa mchana, pamoja na nywele zako. Taa ya njano ya ndani inadanganya macho yenu wote wawili.

3. Sema wapi na kiasi gani. "Kidogo tu" haina kipimo. Sema, "Michirizi minane mbele, myembamba, ianzie usawa wa nyusi kushuka chini." Mwombe akuonyeshe kwa kitana ataanzia wapi. Kama mkono wake umekwenda pasipo, sahihisha sasa, bado ni bure.

4. Omba jaribio. Kifungu kidogo cha nywele sehemu iliyojificha kitawaonyesha rangi inatoka vipi na kama nywele zinavumilia. Na kama ni rangi ya kupaka, ijaribu kidogo kwenye ngozi saa 48 kabla. Kuna watu rangi inawavimbisha, na ukishavimba uso hakuna laivu.

5. Uliza swali hili: "Kwa nywele zangu hizi, leo tunaweza kufika wapi?" Fundi akikwambia, "Leo tutafika kahawia, ile ya njano tuje tena baadaye," usimkimbie. Huyo anakuambia ukweli. Mkubaliane bei yote, kama kuosha na stimingi vimo ndani, na itakuwaje ikitoka tofauti. Yaandike kwenye WhatsApp. Na usiende tarehe 23 jioni, nenda siku ya katikati ya wiki asubuhi, fundi akiwa na utulivu.

Kama nywele zako hazifai kwa blichi, usikate tamaa. Rasta na wigi zinakupa hailaiti bila kugusa nywele zako. Hapa ongea kwa namba: 1 ni nyeusi tii, 1B ni nyeusi ya kawaida, 4 ni kahawia iliyokolea, 33 ni kahawia yenye wekundu, 30 ni hiyo iliyofifia zaidi, 27 ni rangi ya asali, 99J ni zambarau ya mvinyo, 613 ni njano mpauko. Kwenye wigi, ukiona P4/27 maana yake rangi mbili zimechanganywa kwa michirizi. T1B/27 maana yake juu nyeusi, chini inageuka asali. Namba zinaweza kupishana kidogo kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo omba kuona rangi yenyewe. Na rasta za kawaida ni za plastiki, blichi ya saluni haizibadilishi. Nunua rangi unayoitaka tangu mwanzo.

Sasa tugeuze upande wa biashara yako.

Miezi michache baada ya yale ya saluni, mteja wa Marangu aliniandikia, "Nataka wigi la brauni." Nikamtumia namba 33. Likarudi kesho yake na ujumbe: "Dada, hii ni nyekundu." Alikuwa anataka 4. Nauli ya kupeleka na kurudisha niliilipa mimi. Ndipo nikaona kwamba nimemfanyia kile kile nilichofanyiwa. Mtu kaniambia neno moja, nikamjibu "haina shida".

Siku hizi sipokei hela kabla sijatuma ujumbe huu:

"Asante kwa oda, dada. Naomba kuhakikisha: rangi namba ngapi? Rangi moja au yenye michirizi? Urefu gani? Nakutumia picha niliyoipiga nje mchana bila filta, niambie kama ndiyo yenyewe. Ukithibitisha ndipo nafunga mzigo."

Hauchukui hata dakika tano. Unafanya kazi kwa wigi, viatu, vitenge, chochote chenye rangi na saizi. Mteja hajui maneno ya kazi yako, kama wewe usivyojua ya saluni. Anayejua kazi ndiye anayepaswa kuuliza.

Na yule dada wa saluni? Mwaka jana nilirudi kwake. Safari hii nilimweleza kila kitu. Akashika nywele zangu, akasema, "Hizi leo zitafika asali iliyokolea tu, mdogo wangu. Ungeniambia hivi siku ile, nisingekugusa." Nikakubali asali iliyokolea. Laivu ya sikukuu nilifanya bila kilemba.

Hifadhi hii kabla ya msimu, na mtumie mwenzako anayeuza. Kazi njema.