Picha Zilizotuliza

Waulize wazee wa Unguja na Pemba ni picha gani ya sinema waliyoipenda kuliko zote walizopata kuziona. Wengi watataja Awaara ya mwaka 1951 au Mother India ya mwaka 1957. Kisha waulize ni ipi iliyowatoa machozi kuliko zote. Mara nyingi watazitaja zile zile. Jambo hili twaona lastahili kufikiriwa na wananchi, na zaidi na viongozi waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni wetu.

Awaara, iliyotengenezwa na Raj Kapoor ambaye pia ndiye aliyekuwa stelingi, ni hadithi ya hakimu aliyemfukuza mkewe mjamzito kwa shaka tu. Hakimu huyo aliamini kuwa mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mtoto wa mtu mwema hana budi kuwa mwema. Mwanawe mwenyewe akakulia katika ufukara, akaiba mkate kwa ajili ya mama yake mgonjwa, na khatima yake akasimamishwa kizimbani. Mchezaji aliyekuwa hakimu, Prithviraj Kapoor, alikuwa baba mzazi wa Raj Kapoor hasa. Suala lililoulizwa humo, kama mtu huhukumiwa kwa nasaba yake au kwa matendo yake, halikuwa geni kwa watu wa visiwa hivi. Ndiyo maana mtaalamu wa historia wa Marekani, Bi. Laura Fair, alipokusanya kumbukumbu za watazamaji wa Tanzania kwa ajili ya kitabu alichokitoa mwaka 2018, aliikuta picha hii ingali hai katika nyoyo za wazee.

Mother India ya Mehboob Khan nayo ni majonzi tangu mwanzo. Radha, aliyechezwa na Nargis, aachwa na deni la mlariba. Mumewe apondwa mikono na jabali, kisha atoweka kwa fedheha ya kutoweza kuilisha nyumba yake. Gharika nayo yaja na kuchukua iliyobakia. Mwisho wake, mama huyo ampiga risasi mwanawe mpenzi, Birju, kwa kuwa amemteka msichana wa kijiji siku ya harusi. Heshima ya binti wa watu, hata akiwa binti wa mlariba yule yule aliyewadhulumu, aliiweka mbele ya damu yake mwenyewe. Mama yeyote aliyeitazama picha ile alitoka na jambo la kulizungumza na wanawe.

Yatupasa pia tukumbuke jinsi picha hizo zilivyotazamwa. Wengi wa watazamaji hawakukijua Kihindi. Aliyefahamu kidogo alimfasiria jirani yake, na aliyekuja mara ya tatu alimweleza aliyekuja mara ya kwanza. Yalikuwapo hata maonyesho ya wanawake peke yao, na siku ya Jumapili ilikuwa ya familia nzima. Nyimbo zilizosikika humo ziliimbwa njiani wakati wa kurudi nyumbani, na baadhi ya mahadhi yake yakaingia katika taarabu. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Huzuni iliyochukuliwa na watu mia kadhaa chini ya paa moja haimlemei mmoja wao.

Wapo wasemao kwamba filamu za majonzi hazina faida. Hudai kwamba mtu aliyechoka na dhiki za kutwa ahitaji kuchekeshwa, asizidishiwe huzuni juu ya huzuni. Hoja hii ina ukweli wake. Ziko filamu zinazomrundikia mtazamaji maiti na mateso pasipo sababu wala funzo, akatoka na uzito moyoni asijue aupeleke wapi. Hizo hatuzitetei. Lakini majonzi ya Awaara na Mother India yalikuwa na maana. Yalionyesha dhuluma ilikotoka, na yalimwonyesha mtu mnyonge akihifadhi utu wake. Picha hizo zilituliza kwa maana zote mbili za neno hilo.

Leo hali ni nyingine. Jumba la Majestic pale Vuga, lililojengwa mwaka 1955 mahali palipokuwa na sinema ya zamani iliyoteketea kwa moto, halionyeshi tena picha kila usiku kama ilivyokuwa desturi. Empire na Cine Afrique nazo zimeacha kazi hiyo. Televisheni, kisha kanda za video, na sasa simu za mkononi, zimempa kila mtu sinema yake. Hatulaumu maendeleo hayo. Lakini kijana anayetazama filamu ya kuhuzunisha peke yake usiku wa manane, simu mkononi, hana wa kumfasiria wala wa kumuuliza, na asubuhi huamka na huzuni ile ile.

Kwa hiyo tuna mambo matatu ya kupendekeza. Kwanza, Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na majumba ya sinema ni sehemu ya urithi huo sawa na milango ya nakshi. Yasiachwe yakabomoka, wala yasigeuzwe kila moja kuwa duka. Pili, tamasha la filamu la kila mwaka, lililoanzishwa mwaka 1997, limetuonyesha pale Ngome Kongwe kwamba watu bado hupenda kukaa pamoja mbele ya pazia moja. Lililo jema kwa siku chache za mwaka lafaa kuwa jema kila mwezi, mjini na mashamba, Unguja na Pemba, kwa kiingilio ambacho mvuvi na mkulima wa karafuu watakimudu. Tatu, redio na televisheni ya umma zirekodi kumbukumbu za wazee waliokuwa wakienda sinema, na za waliouza tiketi na kuendesha mashine. Kila mmoja wao anapofariki, ukurasa mmoja wa historia yetu huzikwa naye.

Hatudai kwamba picha za zamani zote zilikuwa njema, wala kwamba za leo zote ni mbovu. Tunalosema ni kwamba watu waliowahi kumlilia Radha pamoja walifahamiana zaidi kuliko watu wanaocheka kila mmoja chumbani mwake. Wenye mamlaka wakilipima jambo hili, tunaamini hawatauona ukarabati wa jumba la sinema kuwa ni anasa.