Roketi Ziliruka Ngomeni, Sisi Tukabaki Kushika Bendera

Ukifika Ngomeni, kaskazini kidogo mwa Malindi, tazama baharini. Ile mitambo ya chuma iliyosimama kwa miguu majini si ya kuchimba mafuta. Ni pale roketi zilikuwa zinarushwa. Usicheke, si utani.

Waitaliano walianza kurusha setilaiti hapo 1967. Hawakutupenda sana, walipenda ikweta. Ukirusha roketi karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unaisukuma bure, na upande wa mashariki ni bahari tupu, ikianguka haimwangukii mtu. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ikapaa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Wakaiita Uhuru. Data yake ilisaidia wanasayansi kuamini kuwa mashimo meusi yapo kweli. Hiyo imetoka kwetu, wasee! Roketi ya mwisho iliruka 1988.

Sasa ruka hadi Aprili 2023. Kenya ina setilaiti yake, Taifa-1, imeundwa na wahandisi wetu wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria. Ikarushiwa wapi? California.

Chuma tulikuwa nacho. Ujuzi ndio haukushika mizizi. Ndiyo, kuna Wakenya walioajiriwa pale, na wengine walisomeshwa. Lakini kijana wa Ngomeni leo bado anachagua kati ya kuvua na mashamba ya chumvi ya Gongoni.

Na si roketi tu. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991, foleni za feri zikaisha, sote tukafurahi. Kiwanda cha korosho cha mji huo huo kikafa muongo uo huo. Lami haibangui korosho.

Lakini hapo hapo Kilifi kuna jambo lingine. Mwaka 1989 KEMRI na Wellcome ya Uingereza walianzisha kituo cha utafiti kwenye hospitali ya mji. Pesa za nje pia, wageni pia. Tofauti ni kwamba hawa kusomesha watu kuliwekwa ndani ya kazi yenyewe: unaingia na digrii moja, unafanya utafiti hapo hapo, unatoka na uzamifu. Chanjo ya malaria ya RTS,S, inayodungwa watoto wetu sasa, ilijaribiwa Kilifi pia. Jengo hilo ukiling'oa kesho, ujuzi utabaki vichwani mwa watu.

Nakwambia haya kwa sababu barabara ya Mombasa hadi Kilifi inapanuliwa, na najua umeshafikiria kwenda kuomba kibarua. Nenda. Mimi nilipoacha chuo nilifanya kazi ya barabara, kandarasi nyingine, miezi mitatu. Kazi yangu ilikuwa bendera: kijani magari yapite, nyekundu yasimame. Hicho ndicho nilichojifunza, na nilikuwa nakijua tangu chekechea. Mita kumi kutoka nilipokuwa nimesimama palikuwa na greda, na dereva alikuja nayo kutoka mbali.

Kwa hiyo ukifika getini usiulize tu doo ni ngapi kwa siku. Uliza nani anafundisha greda, nani anafundisha kupima barabara, na kama kuna cheti. Uliza mapema. Mimi niliuliza siku ya mwisho, wakati narudisha bendera.