Nani anaandika siku za koko?

Wamama wapendwa, juma hili tunataka kuongea nanyi juu ya kaye. Si kaye za watoto wa shule, zile tunazosahihisha kila jioni. Ni kaye ya wazee wetu.

Wengi wenu mnakumbuka mambo yaliyofikia familia moja ya kikundi chetu. Koko wa nyumba hiyo ana ugonjwa wa tansio. Asubuhi mkamwana wa kwanza alimpa kidonge chake, akaenda shambani. Saa nne mkamwana wa pili akafika, akaona dawa juu ya meza, akafikiri koko hajameza, akampa tena. Mchana koko alipotaka kusimama, kizunguzungu kikamshika, akaanguka, akavunjika nyonga. Hakuna aliyetaka mabaya. Wote wawili wanampenda. Lakini hakuna aliyeandika. Toka siku ile wakamwana hao wanasalimiana kwa shida, na koko hatembei tena bila fimbo.

Tulimsimulia habari hiyo dada yetu mmoja anayeishi Toowoomba, Australia. Yeye ni mtoto wa Fizi. Alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, kule Tanzania, kisha akapokelewa Australia kama mkimbizi. Leo anafanya kazi katika nyumba ya wazee, kama wamama wengine Wakongomani walio kule. Akatutumia sauti kwenye telefoni: "Huku, nikimwogesha mzee, ninaandika. Nikimpa chakula akakataa, ninaandika. Nisipoandika, ni kama sikufanya."

Maneno hayo yalitugusa. Tukatafuta kujua kazi hiyo inaendaje, na ni nini tunachoweza kuchukua kwa ajili ya wazee wetu.

Feza zinafuata maandiko

Kule Australia, mzee akianza kushindwa kuishi peke yake, yeye au familia yake wanapita katika mlango mmoja wa serikali unaoitwa My Aged Care. Mlango huo ulifunguliwa mwaka wa 2013, kwa telefoni na kwa intaneti. Mtu anatumwa kumwona mzee na kupima mahitaji yake: anaweza kula mwenyewe? Anaweza kutoka kitandani? Anasahau mambo?

Kisha serikali inasaidia kulipa garama. Lakini feza hizo hazitiwi mkononi mwa mzee. Zinapelekwa kwa shirika linalomtunza, kupitia idara inayoitwa Services Australia. Kila mwezi nyumba ya wazee inaingia kwenye ukurasa wake katika intaneti na kuomba malipo yake: nani yupo, nani ameingia, nani amelazwa hospitali, nani ameaga dunia.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, wazee wanaoishi katika nyumba hizo wanagawanywa katika madaraja 13 kulingana na hali yao. Anayehitaji msaada mwingi anatolewa feza nyingi zaidi kila siku. Anayeamua daraja hafanyi kazi katika nyumba ile. Zamani nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa inapima wazee wake na kuomba feza kulingana na kipimo chake. Wamama wa sokoni mtaelewa upesi kwa nini jambo hilo lilibadilishwa: muuzaji hapewi kazi ya kulinda mizani peke yake.

Kwa mzee anayebaki kwake nyumbani, mpango mpya ulianza tarehe 1 Novemba 2025. Una ngazi 8, na feza zake zinapangwa kwa kila miezi mitatu. Shirika linalipwa kwa kazi iliyokwisha kufanywa, na kila mwezi linapaswa kumpa mzee karatasi inayoonyesha yaliyofanywa na feza zilizotumika.

Kila mtu na ufunguo wake

Hapa kuna jambo lingine zuri. Mfanyakazi wa shirika anayeingia katika ukurasa ule anaingia kwa jina lake mwenyewe. Kwanza anaonyesha vitambulisho vyake, kisha anapewa njia yake ya kuingilia. Hakuna kuazimana. Kosa likitokea, inaonekana ni nani aliyeandika.

Sisi tunalijua jambo hilo. Sanduku la AVEC yetu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu wasiolala nyumba moja. Hatukuweka kufuli tatu kwa sababu tunadharauliana. Tuliziweka ili tusije tukashukiana.

Na mzee mwenyewe? Sheria mpya ya Australia, iliyoanza kutumika siku ileile ya 1 Novemba 2025, inamhesabia haki ya kupata maandiko yanayohusu utunzaji wake na garama zake. Anaweza pia kumchagua mtu wa kumsaidia kuyafuata. Habari zake ni zake. Si za kila anayepita.

Walijifunza kwa machozi

Msifikiri ya kwamba kule mambo yalikuwa mazuri tangu zamani. Mwaka wa 2018 serikali yao iliunda tume kubwa ya kuchunguza nyumba za wazee. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka wa 2019, na jina lake lilikuwa neno moja tu: Kutelekezwa. Wazee walikuwa wanakaa na vidonda, wengine hawali vya kutosha, wengine wanapewa dawa za kuwatuliza ili wasisumbue. Ripoti ya mwisho, ya 2021, ilikuwa na mapendekezo 148. Mengi tuliyosimulia hapa juu yalikuja kwa sababu ya aibu hiyo.

Tena dada yetu alitupa onyo. "Maandiko hayapendi mtu," alisema. "Saa nyingine mzee anataka nikae tu, nimshike mkono. Mtoto wake hajafika tangu sikukuu." Huko maandiko yapo, lakini watoto wako mbali. Huku kwetu watoto wapo karibu, lakini maandiko hayapo. Koko anahitaji vyote viwili.

Na sisi je?

Sisi walimu tunakumbuka mishahara ilipokuwa inatolewa mkono kwa mkono. Orodha zilikuwa na majina ya watu wasiokuwepo, na feza zilipungua njiani. Tangu miaka ya 2011 na 2012, Leta ilianza kupitisha mishahara ya walimu katika benki. Shida hazikuisha, kila mwalimu anazijua. Lakini jina lililoandikwa vizuri lilianza kuwa na nguvu.

Katika familia zetu shida ni ileile. Mtoto aliye ngambo anatuma dolari kwa ajili ya mama yake. Jirani ndiye anayezipokea, ndiye anayepika, ndiye anayefua. Baada ya miezi sita mtoto anauliza: "Feza zilienda wapi?" Jirani analia, kwa sababu alifanya kazi kwa moyo wote na hana cha kuonyesha. Tumeona undugu ukivunjika hivyo, na katikati ya ugomvi koko anakosa hata sabuni.

Hatuna intaneti kila siku, na umeme tunaujua wenyewe. Lakini kaye moja na biki vinatosha. Tunawapendekezea hivi:

Upande wa mbele ni wa afya. Andikeni tarehe, saa, dawa iliyotolewa, chakula alichokula, na hali yake. Anayempa dawa aandike palepale na kutia jina lake, kabla ya kutoka nyumbani. Asiyejua kuandika achore alama yake, na mtoto wa shule amsaidie. Siku ya kwenda kwa muganga, kaye iende pamoja na koko.

Upande wa nyuma ni wa feza. Andikeni tarehe, kiasi kilichofika, kilichonunuliwa, na kilichobaki. Kila mwisho wa mwezi watu wawili watie sahihi, na picha ya ukurasa huo itumwe kwa yule aliyetuma feza. Jirani anayemtunza koko naye aandikiwe malipo yake. Kazi ya kuogesha mzee ni kazi, si fazila tu.

Kaye ikae mahali pamoja, na wageni wasiifungue. Mambo ya mwili wa koko si hadithi za kisimani.

Na jambo la mwisho, tafadhali msilisahau: koko asomewe. Hata kama hajui kusoma, aketi, asikilize yaliyoandikwa juu yake, aseme kama ni kweli. Katika familia ile tuliyoitaja, wameanza kufanya hivyo jioni. Juma lililopita koko alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mmeandika nilikula ugali. Hamkuandika ya kuwa haukuiva." Wakamwana wote wawili wakacheka pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Katika mkutano ujao, kila mama mwenye mzee nyumbani aje na kaye mpya. Tutachora mistari pamoja. Asiyekuwa na feza ya kaye asikae nyumbani kwa haya: tutatoa katika sanduku la mshikamano, na tutaandika.