Je, Wajua? Utumbo Una Fahamu Zake

Mtu apitaye jioni kando ya bwawa la Manchira, karibu na Mugumu, akawaona ng'ombe wamelala wakicheua, hana budi kujua kwamba kazi ile yahitaji amri ya ubongo, iletwayo kwa mshipa wa fahamu uitwao vagasi hadi kwenye tumbo lile kubwa la kwanza katika matumbo yao manne. Lakini chakula kikishaingia utumboni, mambo hugeuka. Ukuta wa utumbo, wa ng'ombe na wa mchungaji wake vilevile, una matabaka mawili ya misuli, la ndani la kuzunguka na la nje la urefu, na baina yao umetandwa mtandao wa fahamu ambao, hata ukitengwa na ubongo, huendelea kuusukuma mlo mbele.

Wataalamu wa zamani walidhani fahamu ndizo zitoazo amri zote. Mwaka 1902, mjini London, wanafiziolojia Bayliss na Starling walikata fahamu za kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia tindikali ndani yake, na kongosho, ajabu kubwa, likatoa maji yake kama kawaida! Mjumbe alikuwa amepita katika damu: wakamwita sekretini, na mwaka 1905 Starling akalitumia neno homoni kwa wajumbe wa namna hiyo.

Mwingine ni kolesistokinini, ambaye mafuta ya nyama yakifika utumboni huiamuru nyongo kujikamua.